Kuonja si Kulewa: Kauli Kutoka Buterere

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na kila mwalimu aliishia palepale: usimsifu mtu kupita kiasi, ataharibu kazi. Mimi nasema ndani yake kuna jambo la pili ambalo tumelipita bila kuliona. Ili mtu aseme kwamba tembo limetiwa maji, lazima awe ameonja la jana na la leo. Lazima ajue uzito wake, harufu yake na ukali wake, na awe na maneno ya kueleza tofauti. Waliotunga methali hii walikuwa waonjaji. Kwa hiyo nashangaa ninaposikia, tena kutoka kwa wanafunzi wa Kiswahili, kwamba kuonja pombe na kuijadili ni utamaduni wa Wazungu, na kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hiyo. Katika insha hii napinga kauli zote mbili.

Mjadala wenyewe ulianza katika somo la tafsiri. Tulipewa makala fupi ya Kiingereza kuhusu eli, bia ya jadi ya Waingereza, na namna ya kuionja: kuitazama rangi, kuinusa, kuipokea ulimini kidogo kidogo, kisha kusikiliza kinachobaki kinywani baada ya kumeza. Wengi waliacha nusu ya maneno bila kuyatafsiri. Mwenzetu mmoja alisema, na darasa likacheka, kwamba Kiswahili kinajua kulewa tu, kuonja hakijui. Nilipopendekeza tuilinganishe eli na impeke, pombe yetu ya mtama, kicheko kiliongezeka. "Impeke ya wapi? Ya Buterere?"

Ndiyo, ya Buterere. Najua jina la mtaa wetu linabeba nini masikioni mwa watu wa Bujumbura. Linabeba dampo la jiji, mabwawa ya kusafishia maji machafu, na ndege zinazopita juu ya mabati kuelekea uwanjani. Mtu akisikia "pombe ya Buterere" anaziba pua kabla hajaona mtungi. Lakini pua iliyozibwa haiwezi kuhukumu harufu. Na mimi nina sababu ya kuuliza hukumu hiyo imetoka wapi, kwa kuwa shangazi yangu anapika impeke, na ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka mtungini mwake.

Tuanze na eli yenyewe, ili tusibishane juu ya jambo tusilolijua. Bia zote za nafaka hutokana na kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa ikachipua, kisha ikakaushwa. Kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto ili wanga wake ugeuke sukari, halafu hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi. Tofauti kubwa kati ya eli na laga iko kwenye hamira na joto. Hamira ya laga hufanya kazi katika baridi, na bia yake hulazwa kwa majuma kadhaa katika baridi hiyo. Primus na Amstel tunazozijua ni za jamii hii. Hamira ya eli hupenda joto la wastani, kati ya nyuzi 15 na 24 hivi, na humaliza kazi yake upesi. Jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae. Ni hamira ileile ya mkate, na ndiyo hiyohiyo ambayo wataalamu wameikuta mara nyingi katika pombe za mtama za Afrika.

Sasa twende kwenye mtungi. Shangazi hulowesha mtama mwekundu, huuotesha chini ya majani ya mgomba, huuanika juani, huusaga, huupika, huuacha upoe, kisha huutia kimea kibichi na kuuacha uchachuke. Hakuna jokofu wala barafu. Hamira inafanya kazi katika joto la kawaida la nyumba. Kwa njia hii ya kuchacha, impeke iko karibu na eli kuliko Primus ilivyo. Ni dada wa mbali walioolewa katika nchi tofauti. Mmoja amevaa shayiri na hopsi, yale maua machungu yanayotiwa katika bia. Mwingine amevaa mtama. Hata hizo hopsi si za asili kwa eli. Kabla ya karne ya 15 hivi, eli ya Uingereza kwa kawaida ilikuwa kimea, maji na hamira, na hopsi zilienea baadaye kutoka ng'ambo ya bahari, upande wa Uholanzi na Ubelgiji wa leo. Na wapishi wake? Katika zama za kati wengi walikuwa wanawake, waliopika nyumbani na kuwauzia majirani. Mwanamke wa kijiji cha Kiingereza wa karne ya 14 angeingia uani kwa shangazi yangu, angejua mara moja anatazama kazi gani.

Tukiyajua haya, swali la msamiati linajibika lenyewe. Wenzangu walioacha mapengo katika tafsiri, hebu tuhesabu. Tuna kimea, hamira, povu, machicha, mashapo. Tuna kuchacha na kuumuka, vitenzi viwili ambavyo havisemi jambo moja. Kwa upande wa ladha, tuna utamu, uchungu na ukali, lakini hatukuishia hapo. Tuna ugwadu, ile chachu inayofanya taya zikaze. Tuna ukakasi, ule mkwaruzo unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Tuna chapwa na dufu kwa kinywaji kisicho na ladha, na tuna kukolea kwa kile kilichofika mahali pake. Tukitoka nje ya Burundi tunakuta mbege ya Wachaga, rubisi ya Wahaya, ulanzi wa mianzi kule Iringa, wanzuki wa asali, mnazi wa pwani, busaa ya Kenya, na ajono ya Wateso wa Uganda, inayonyweka kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja kama impeke yetu. Watu waliozipa pombe zao majina mengi namna hii hawakuwa wakinywa wakiwa wamefumba macho.

Nitajaribu mbele yenu. Jamaa mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo alituletea chupa ya eli ya Kiingereza, tukaigawana watu wanne. Rangi yake ilikuwa ya kahawia yenye wekundu, kama chai ya rangi iliyokolea. Povu lilikuwa dogo na jepesi. Harufu ilikuwa ya ganda la mkate na sukari iliyoungua kidogo. Mdomoni ulitangulia utamu wa kimea, kisha ukafuata uchungu uliokawia kuondoka. Impeke ya shangazi ina rangi ya udongo mwekundu baada ya mvua. Ni nzito kiasi cha kutafunika. Harufu yake ni ya uji uliochacha na nafaka iliyokaangwa. Ugwadu hutangulia, utamu hupita katikati, na mwishoni hubaki ukakasi, kwa sababu ya ganda la ule mtama mwekundu. Eli hujisawazisha kwa uchungu, impeke kwa ugwadu na ukakasi. Je, ni neno gani limenipungukia?

Kwa hiyo Kiswahili hakina kosa. Tulichopungukiwa sisi wasomi ni heshima, na hapa nataka kusema waziwazi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu hapo tunaambiwa Kiswahili ni lugha ya soko. Vizuri. Lakini lugha ya soko isiyoweza kueleza bidhaa ya mwanamke wa Buterere ni lugha ya soko la nani? Kiwanda cha Brarudi kipo jijini mwetu tangu mwaka 1955, na chupa ya Primus ya sentilita 72 kila mtu anaitambua hata gizani. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na mwanafunzi anayedhani kilicho ndani ya chupa kina ladha ya kujadiliwa, na kilicho ndani ya mtungi kina kilevi tu.

Waingereza wenyewe walikaribia kuipoteza eli yao. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilianza kuwauzia bia iliyochujwa, ikapashwa moto kuua hamira, ikasukumwa kwa gesi. Ilikuwa rahisi kuisafirisha na ilifanana kila mahali. Mwaka 1971 wanaume wanne walianzisha chama kiitwacho CAMRA kupinga mwenendo huo. Walidai eli iliyo hai, inayoendelea kuchacha katika pipa lilelile inamotolewa, bila kusukumwa kwa gesi ya nje, tena isigandishwe kwa baridi, bali inywewe katika ubaridi wa chini ya nyumba, nyuzi 11 hadi 13 hivi, maana baridi kali huufisha ulimi. Tazama silaha yao ilikuwa nini. Haikuwa kusema "eli ni ya babu zetu, basi ni nzuri." Walionja. Walisema baa hii inaitunza vizuri, baa ile imeiacha ikachachuka kama siki. Eli ilipona kwa sababu ilikuwa na watu wa kuisema vibaya inapostahili.

Hapa ndipo ninapowageukia wale wanaodhani wako upande wangu. Wapo watetezi wa utamaduni ambao kila sherehe huisifu impeke kwa hotuba ndefu. Watatukumbusha Umuganuro, sikukuu ya mtama iliyoongozwa na mwami hadi ilipozimwa wakati wa Wabelgiji. Hotuba ikiisha, wanafungua chupa. Sifa ya namna hiyo ndiyo hasa inayotia maji tembo. Shangazi hahitaji kuambiwa kwamba yeye ni hazina ya taifa. Anahitaji mteja atakayemwambia, "Dada, ya leo imezidi ugwadu, kimea chako hakikukauka," na kesho arudi kununua. Dharau ya darasani na sifa za jukwaani ni ndugu: zote mbili hazijaonja.

Najua pingamizi zinazokuja. Kwanza, ulevi unaharibu nyumba. Ni kweli, na Buterere tunaujua kuliko wanaotuhubiria. Lakini mlevi ndiye asiyeonja: kwake glasi ya tano haina tofauti na ya kwanza. Anayeonja hunywa kidogo na kukumbuka. Pili, usafi. Nakubali maji ni shida katika mitaa yetu, hasa mvua zikifurika. Basi tudai maji safi, na tuseme wazi mtungi upi ni mchafu na upi ni msafi, badala ya kulaani mitungi yote kwa jina la mtaa. Tatu, wenzetu Waislamu, ambao bila wao Kiswahili kisingefika Buyenzi wala kwetu, hawanywi. Hakuna anayewaomba wanywe. Maneno ukakasi na ugwadu ni yao kama yalivyo yetu, na hutumika kwa embe, ukwaju na chai bila dhambi yoyote.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana muhula huu. Somo letu la istilahi lina zoezi la kukusanya maneno ya fani moja, na kila mwaka tunarudia kompyuta na benki, tukinakili kamusi. Safari hii twende Buterere, Kinama na Kamenge, tukae na wapika pombe, tuandike kila hatua na kila ladha kwa Kirundi na Kiswahili, pamoja na kasoro zake: iliyoungua, iliyozidi chachu, iliyotiwa maji. Walimu wetu waikubali kazi hiyo kama kazi ya kitaaluma na waipe alama. Wapika pombe wenyewe wawe waamuzi wa maana za maneno, na walipwe kwa muda wao kama tunavyomlipa mtu anayetuchapia tasnifu.

Na yule mwenzangu aliyesema Kiswahili kinajua kulewa tu, namkaribisha. Mrija upo. Asinywe sana. Aonje, kisha aniambie kwa Kiswahili fasaha impeke ya shangazi ina kasoro gani. Akiweza kuitaja, atakuwa amekubali kwamba nilikuwa na haki. Akishindwa, asiilaumu lugha.