Kuiona Tabora hakuhitaji posho

Imekuwa kama desturi kwa baadhi ya watumishi wa umma, hasa vijana waliotoka vyuoni karibuni, kuipokea barua ya uhamisho wa kwenda Tabora kana kwamba ni hukumu. Mwalimu aliyepangiwa huko hupewa pole na wenzake. Afisa hufunga mizigo huku akihesabu miaka atakayokaa kabla ya kuandika barua ya kuomba kurudi Pwani. Akifika hupanga chumba Isevya au Cheyo, hujifunza njia tatu, ya kazini, ya sokoni na ya stesheni, na likizo ikiwadia hukopa ili akapumzike Bagamoyo au Unguja, alipe kiingilio na kutazama magofu. Hatimaye huhamishwa tena, akauacha mji bila kujua alikuwa akiishi mahali gani.

Akiulizwa kwa nini hakuutembelea mji huo, hutaja mshahara. Utalii, husema, ni wa wenye fedha na wa wageni kutoka Ulaya wenye kamera shingoni. Jawabu hilo limezoeleka mno hata hakuna anayelipima. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya yale yanayofaa kuonwa Tabora hayana mlango, hayana karani wa tiketi, wala hayahitaji gari. Yanahitaji viatu imara, maji ya kunywa na asubuhi moja ya Jumamosi kabla jua halijawa kali.

Mtu na aanzie stesheni. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza lililokamilika mwaka 1928. Msafiri wengi wao huijua stesheni hiyo kwa usiku wa kusubiri treni tu. Lakini akisimama mbele ya jengo lile lenye paa la mwinuko mkali mchana kweupe, afikirie kwamba Burton na Speke walipoondoka Pwani mwishoni mwa Juni 1857, walifika hapa, mahali walipopaita Kaze, tarehe 7 Novemba. Ilikuwa zaidi ya miezi minne. Reli haikuuumba mji wa Tabora. Iliukuta.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi hoteli ya zamani ya reli, na mbele zaidi iko Boma ya Mjerumani. Boma hutazamwa kutoka barabarani tu, kwa kuwa ni mahali pa jeshi. Kamera ibaki mfukoni. Ngome hiyo ilikuwa ya dola iliyodhani itatawala milele. Mwezi Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika, yaliingia Tabora na Mjerumani akakimbilia kusini. Mwaka huohuo, kwa kukosa fedha, Wajerumani walikuwa wamefua hapa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo watu wa nchi za mbali hununua sarafu hizo kwa bei kubwa na kuzifungia katika makabati ya vioo. Mwanafunzi wa Tabora aliyewahi kusikia habari zake ni wa kutafutwa kwa tochi.

Hali kadhalika shule. Kila mtumishi wa umma anajua kwamba Julius Nyerere alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Rashidi Kawawa naye alipita hapo. Wachache hukumbuka kwamba Nyerere, baada ya Makerere, alirudi mjini humo akiwa mwalimu wa St. Mary's hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Kwa maneno mengine, alikuwa mwalimu mwenye mshahara mdogo katika mji wa Tabora, hali ileile inayolalamikiwa leo na vijana waliopangiwa huko.

Ni katika mji huo pia mkutano mkuu wa TANU wa Januari 1958 uliamua jambo gumu la kura tatu. Wakoloni walikuwa wamepanga uchaguzi ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na haki ya kupiga kura yenyewe ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au kazi. Wajumbe wengi walitaka kususia. Hoja ya Nyerere ya kuingia katika uchaguzi ilishinda. Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake. Na TANU pamoja na waliounga mkono msimamo wake wakavichukua viti vyote vilivyogombewa mwaka 1958 na 1959. Uamuzi huo umebaki ukiitwa Uamuzi wa Busara. Walimu wa uraia huufundisha darasani kutoka ubaoni, huku wanafunzi wa Tabora wakiwa wameketi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali ulipofanyika.

Hata hivyo, hayo ni ya karne iliyopita, na yana wasemaji. Yaliyo ya zamani zaidi ndiyo yaliyoachwa yatima.

Tabora ni mji wa miembe. Imesimama kandokando ya barabara, katika viwanja vya shule na nyuma ya nyumba, na kati ya Novemba na Januari watoto hushiba bila kumwomba mtu. Wazee husimulia kwamba miembe hiyo huonyesha njia za misafara, kwamba ilichipua kutokana na kokwa zilizotupwa na waliopita wakielekea Pwani. Simulizi hiyo hurudiwa na kila mwenyeji anayemtembeza mgeni, na mara nyingi humalizwa kwa sentensi moja: hapa ndipo watumwa walipopita. Mgeni hutikisa kichwa kwa huzuni, na somo huishia hapo.

Watumwa walipita, tena wengi, na Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo katili kati ya Ujiji na Bagamoyo. Jambo hilo halina haja ya kupambwa wala kufichwa, na mtu asiende kwenye njia ile kama aendaye pikiniki. Lakini kumfanya kila aliyepita chini ya miembe ile kuwa mtumwa ni kosa la historia, na ni kosa linalowagharimu watoto wa Unyamwezi. Wapagazi wengi wa misafara mikubwa walikuwa watu huru, Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira. Walijadiliana malipo, walikuwa na viongozi wao, na walipodhulumiwa waliweka mizigo chini na kuondoka. Mzigo wa mtu mmoja ulifikia ratili 60 au 70, na njia ya kwenda Pwani ilichukua kama miezi mitatu kwa msafara wenye bahati. Kwa kijana wa Unyamwezi wa wakati ule, kwenda Pwani na kurudi kulikuwa ni kuvuka daraja la utu uzima. Kabla ya kuwapo kwa reli, bandari ya kisasa au chama cha wafanyakazi, watu hawa walikuwa tayari wameujua mkataba na mgomo. Mwalimu wa historia anayewafundisha wanafunzi mapinduzi ya viwanda ya Uingereza kwa wiki sita, asiwaonyeshe njia ya wapagazi iliyo nyuma ya shule, ana kasumba ambayo shahada haikuiondoa.

Katika matembezi haya isisahauliwe mitaa. Mji haukai katika majengo ya Serikali pekee. Kanyenye, Gongoni, Isevya, Ng'ambo: kila jina lina habari yake. Ng'ambo yenyewe ni swali lililowekwa wazi mbele ya kila mtoto anayejua Kiswahili. Ng'ambo ya nini? Ng'ambo ya nani? Mwanafunzi wa darasa la tano akitumwa kwa wazee wa mtaa na swali hilo moja, atarudi na majibu matatu yanayopingana, na hapo ndipo somo la historia huanza. Njiani atapita wauza asali, na wauza michembe na matobolwa, ambayo kwa shilingi chache ni chakula cha safari kinachoshinda biskuti. Atasikia kwamba mji huu uliwahi kuchezesha nchi nzima kwa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Na akiamkia kwa “mwangaluka” ataitikiwa kwa furaha, awe wa kabila lolote.

Kuelekea kusini-magharibi mwa mji liko eneo la watemi wa Unyanyembe. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji mkuu wa mtemi ukiitwa Kwikuru. Ni neno lilelile la Kinyamwezi, ikulu, ambalo taifa zima limelipa nyumba ya Rais wake. Mtemi Isike aliyetawala hapa aliwapinga Wajerumani mpaka mwisho. Januari 1893, jeshi lililoongozwa na Tom von Prince lilipoivunja ngome yake, alijilipua kwa baruti katika ghala lake pamoja na watu wa nyumba yake kuliko kukamatwa. Wajerumani walimtundika angali akivuta pumzi za mwisho. Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898, anajulikana na kila mtoto wa shule, na anastahili. Isike alimtangulia kwa miaka mitano.

Mwisho wa safari ni Kwihara, mwendo wa saa mbili na ushei kwa miguu, au chini ya saa moja kwa baiskeli. Hapa pana tembe la udongo lenye paa bapa na mlango wa nakshi, ambamo Livingstone na Stanley walikaa kuanzia Februari 1872. Ndani hulipiwa kiingilio, na mwenye nacho na alipe kwa moyo mweupe, maana fedha hiyo ni ya kulitunza jengo. Asiye nacho atakuwa amekwisha kuiona njia, na njia ndiyo kubwa. Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia hiyo kwa UNESCO, na Kwihara ni mojawapo ya vituo sita vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Nyumba hiyo huitwa ya Livingstone, ingawa alikuwa mgeni humo kwa muda wa nusu mwaka tu, akiwasubiri wapagazi kutoka Pwani. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake. Oktoba mwaka huo walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, afisa wa Kiingereza, ambaye aliwashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Waliendelea kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mgeni akisimama uani pale Kwihara, inafaa aambiwe habari ya kukataa huko kabla ya kuonyeshwa barua na picha.

Baadhi ya wakuu wa idara watasema kwamba shughuli za namna hii zahitaji bajeti, kamati na semina ya siku tatu yenye posho. Ni umangimeza. Kinachohitajika ni mwalimu mmoja wa historia katika kila shule ya mji na afisa utamaduni aliye tayari kuchafua viatu. Kati ya Juni na Septemba njia ni kavu na asubuhi ni baridi. Darasa la wanafunzi 40 linaweza kwenda Kwihara na kurudi kwa siku moja, kila mmoja na michembe yake mfukoni. Wakirudi waandike walichokiona, na maandishi yao yawekwe katika maktaba ya shule ili darasa la mwaka unaofuata liyasahihishe.

Halafu viko vibao. Tabora ni nchi ya mninga, na mafundi seremala hawakosekani. Kila mahali palipotajwa hapa ambapo mpita njia hana la kusoma, shule iliyo jirani inaweza kusimamisha ubao mmoja wenye jina, mwaka na sentensi mbili. Kazi hiyo ianzie kwa Isike, na ifanyike kabla ya mvua za Novemba.