Picha Angavu Haidai Uso Mweupe

Picha angavu ya mtu ni ile yenye mandharinyuma nyeupe au inayokaribia weupe, vivuli hafifu, na rangi nyepesi zilizotawala sehemu kubwa ya fremu. Katika studio nyingi za Afrika Mashariki imeenea imani kwamba picha hiyo hupatikana kwa kuongeza mwanga hadi kila kitu kiwe cheupe, uso ukiwamo, na kwamba mtu mweusi haifai mpaka ngozi yake ing'arishwe kwenye kompyuta. Imani hiyo ni kosa la kiufundi. Pia ni dharau kwa mteja aliyelipia picha yake akapewa sura ya mtu mwingine.

Weupe hutengenezwa nyuma ya mhusika. Karatasi au ukuta mweupe huwashiwa taa zake, kwa kawaida mbili, moja kila upande, na mwanga wake huzidi ule wa usoni kwa stopu moja au moja na nusu, kila stopu ikiwa mwanga maradufu. Ukizidi mno, humwagikia kwenye lenzi, ukala kingo za nywele na mashavu. Mhusika husimama mita mbili au zaidi kutoka ukutani, nafasi ikiruhusu. Mbele yake huwekwa taa kubwa laini, kama ya mwavuli au softiboksi, na upande wa pili ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Kivuli hupunguzwa tu. Kikifutwa chote chini ya taya na pembeni mwa pua, uso huwa bapa.

Madai kwamba ngozi nyeusi "hukataa mwanga" hutokana na upimaji mbaya. Kipimamwanga cha ndani ya kamera hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha kati, chenye kuakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikikutana na ukuta mweupe hupunguza mwanga, ukuta ukatoka kijivu na uso mweusi ukazama gizani. Kisha mpiga picha huilaumu ngozi! Dawa ni kupima mwanga unaoangukia usoni kwa kipimamwanga cha mkononi, ambacho hakiathiriwi na rangi ya ngozi wala ya ukuta. Asiye nacho huongeza stopu moja hadi mbili juu ya kipimo cha kamera, kisha akakagua histogramu.

Lawama hizo zina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe ambaye ngozi yake ndiyo ilikuwa kigezo cha rangi sahihi. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Anayeng'arisha kila uso leo anaendelea kukitumikia kigezo kile kile.

Ngozi nyeusi hupata umbo lake zaidi kwa mng'ao: kwenye paji, mashavuni, juu ya pua. Taa kubwa iliyosogezwa karibu huutandaza mng'ao huo taratibu, na uso ukajitokeza kwa nguvu mbele ya weupe. Hapo picha angavu hupendeza kupita kiasi, na hapo ndipo wahariri wengi huiharibu.

Uhariri mzuri huanza na faili ghafi ya kamera, yenye biti 12 au 14, kwa sababu JPEG ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Mandharinyuma huchaguliwa peke yake na kupandishwa kuelekea 255, ngazi ya juu kabisa. Uso huachwa chini ya hapo, kwani sehemu iliyofika 255 katika rangi zote tatu haina tena taarifa ya kurejesha. Shela ya bibi arusi nayo hulindwa, la sivyo nyuzi na mapambo yake hupotea. Mwisho uso hulinganishwa na shingo na mikono. Bibi arusi ambaye uso wake umepauka kuliko vidole vyake vyenye hina hakupigwa picha angavu. Amefutwa, na kazi hiyo inastahili kurudiwa.