Kadi ya bima haijui lugha ya alama

Makamanda, kuna jambo hatulisemi majukwaani. Mama kiziwi akienda kliniki, mara nyingi anaingia kwa daktari na mwanawe wa darasa la tano. Si kwamba amekosa wa kumwachia. Mtoto ndiye mkalimani. Daktari anauliza habari za hedhi, mimba iliyoharibika, kipimo cha virusi vya UKIMWI, na majibu anayapokea kwanza mtoto. Hapo siri ya mgonjwa iko wapi?

Nasoma sheria, basi mniruhusu kidogo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia 2009, na Ibara yake ya 25 inataka mgonjwa atibiwe kwa ridhaa yake, akiwa ameelewa. Sasa ridhaa gani hiyo, kama fomu ya upasuaji imesainiwa na mtu aliyeonyeshwa kwa kidole tu mahali pa kusaini?

Utajibiwa, "Si aandike kwenye karatasi?" Jamani. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili yenye sarufi yake, sio Kiswahili cha mikono. Aliyesomeshwa na mwalimu asiyejua alama anaweza kumaliza shule na Kiswahili cha kuandika kidogo mno. (Na mwandiko wa madaktari tunaufahamu wote.) Dirishani majina yanaitwa kwa sauti, asiyesikia anapitwa na foleni. Kwenye eksirei mtaalamu yuko nyuma ya ukuta anasema "vuta pumzi, shikilia". Anamwambia nani?

Serikali inajisifia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Sawa, bima tunaitaka. Lakini kadi inakufikisha mlangoni tu, haikuelezi dawa unywe mara ngapi. Na ukiuliza halmashauri inawafanyia nini watu wenye ulemavu, utatajiwa ile asilimia 2 ya mikopo. Mkopo unarudishwa! Tunachodai ni nafasi ya ajira ya mkalimani kwenye ikama ya kila hospitali ya wilaya, mtu wa mshahara, anayebanwa na kiapo cha siri kama muuguzi. Usiku akiwa hayupo, apatikane mwingine kwa simu ya video. Kwenye vituo vya afya na zahanati, wauguzi wafundishwe alama za msingi: maumivu, damu, homa, kizunguzungu. Hiyo haichukui nafasi ya mkalimani, ila walau mgonjwa atapokelewa kama mtu. Chama cha Viziwi, CHAVITA, kipo. Waulizwe wao kwanza kabla ya mshauri mwelekezi kulipwa posho.

Halafu mazoezi. Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kwa ajili ya kupambana na kisukari, presha na ndugu zao. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Ila mazoezi ya aina hii tunayajua: mwalimu ana kipaza sauti, spika zinanguruma, kageuka mgongo anaelekeza kwa mdomo. Kiziwi ana miguu mizima, amenyimwa maelekezo tu.

Na hapa tusiishie kuinyooshea kidole serikali, maana jogging za matawi yetu ziko vilevile. Marekebisho yake hayana hata gharama: mwalimu awaelekee watu, aonyeshe zoezi lote kabla halijaanza, ahesabu kwa vidole. Filimbi iende na kibendera, kama waamuzi wanavyofanya kwenye mpira wa viziwi. Barabarani awepo mmoja wa kukimbia nyuma ya kundi, kwa sababu honi ya bodaboda haimsaidii asiyeisikia.

Bajeti za halmashauri hupita kwenye baraza la madiwani. Tawi lenu lina diwani wetu? Mwandikieni sasa, barua fupi, swali moja: mwaka huu wa fedha mkalimani ametengewa shilingi ngapi? Mkijibiwa "suala linafanyiwa kazi", ombeni kifungu cha bajeti kwa namba yake. Kama diwani ni wa chama tawala, barua ni ileile.