Baraza si Pambo la Chuo

Wako watu wasemao kwamba Baraza la chuo kikuu hutimiza wajibu wake likiisha kuidhinisha lililoletewa mezani. Kauli hiyo ni kosa, tena kosa la gharama. Seneti hutunza masomo, mitihani na shahada. Baraza hutunza chombo chenyewe: fedha, sera, na mwelekeo wa miaka ijayo. Mlinzi asiyeuliza halindi, hushuhudia tu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea tarehe 1 Julai 1970, Pius Msekwa, aliyetoka katika uongozi wa TANU, aliteuliwa kukiendesha. Mwaka 1971 wanafunzi walilalamikia namna chuo kilivyotawaliwa. Kiongozi wao, Symonds Akivaga, alikamatwa akarudishwa Kenya. Mtu alifukuzika, hoja yake haikufukuzika.

Watetezi wa ukimya hujibu kwamba serikali ndiyo ilipayo, basi na iteue ipendavyo. Lakini fedha ya serikali ni jasho la mkulima na mchuuzi. Haki ya mlipaji ni kujua, na hawezi kujua kwa vinywa vya watu wanaomwogopa aliyewateua.

Kwa hiyo hesabu ziwafikie wajumbe mapema, si asubuhi ya kikao. Mkaguzi asikizwe na Baraza pasipo watawala wa chuo kuwapo. Walimu na wanafunzi wapewe kura, si viti tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lisilosomwa na mtu lina nafuu gani?