Njiwa katika barza: maji kwanza, ufagio baadaye

Wafanyakazi, akina mama wa kambi,

Huko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, njiwa wamefanya barza za watu kuwa nyumba yao. Unawafukuza asubuhi, saa sita wamerudi. Sisi tunasema: kosa si la njiwa. Anayeacha nje unga, mabaki ya bukari na sahani za maji ndiye anayewaita.

Ondoeni chakula hicho. Zibeni matundu chini ya bati kwa wavu wa chuma, lakini tazameni kwanza kama hakuna makinda ndani. Sumu msitumie: mtoto anaweza kuila.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Mavi ya njiwa yakikauka, vumbi lake linaweza kuingiza vijidudu mapafuni. Kwa mtu mwenye mwili dhaifu vinaweza kufika hata kwenye ubongo. Mgodini mwamba hutobolewa kwa maji ili vumbi lisipande. Mbona nyumbani tunafagia pakavu, mtoto akicheza karibu? Mwondoeni mtoto, funikeni pua na mdomo, mwageni maji, ndipo mfagie. Kisha naweni mikono kwa sabuni.

Mapafu ya kazini na ya nyumbani ni yale yale.