ILE VIDEO YA STAA KIJIWENI, NA MIMI NILIISAMBAZA

Wadau, jina sitaji, na nyie kwenye komenti naomba msilitaje. Wanaomjua wanamjua. Kuna kipindi ilikuwa huwezi kupanda bajaji usisikie wimbo wake. Wiki iliyopita ikazunguka video yupo kijiweni, kakonda, midomo imekauka, anaomba jero, na jamaa anayemrekodi anacheka tu. Watu wakaandika "kaisha huyo". Mimi nikaiweka stetasi. Niliifuta baada ya masaa mawili hivi, ila watu walikuwa wameshaichukua.

Hivi hii vita ya unga sisi huwa tunaifuatilia kwa ajili gani? Kumbukeni Februari 2017, mkuu wa mkoa wa Dar aliposoma majina hadharani na wasanii wakaitwa Central. Tulisubiri ile listi kama tunasubiri tuzo. Halafu Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikatangaza imekamata kilo 3,182 za heroini na methamphetamine, nyingine zimefungwa kwenye pakiti za chai na kahawa. Kilo elfu tatu jamani! Tukashangaa siku mbili, tukarudi kwenye kiki.

Mi sipingi watu kukamatwa. Pusha akamatwe, na yule bosi anayemletea akamatwe kabla yake. Ila mkakati wa serikali una mambo mengine pia, watu wasianze kutumia, na walioanza watibiwe. Hilo la matibabu ndio hatuliposti, halina majina wala picha za mizigo.

Methadone ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, sasa ipo mpaka mikoani. Ni bure. Unafika dirishani, unapewa dawa ya maji, unakunywa nesi anakuona, unaondoka. Inakata arosto, kwa hiyo mtu haamki akiwaza saiti mira ya nani aing'oe apate hela ya kete. Lakini unaenda kila siku, miezi mpaka miaka. Ukikosa siku kadhaa mfululizo unaweza kurudishwa kwenye dozi ndogo, uanze kupanda upya.

Kuna bro mtaani kwetu yupo mwaka wa pili. Alikuwa konda. Daladala inaanza kupakia alfajiri na dirisha nalo ni asubuhi, tajiri wa gari akamwambia achague. Akachagua dawa. Siku hizi anatembeza karanga, na siku nauli ikikosekana anaenda kwa mguu. Anasema yote hayo kayazoea. Kitu kilichomvuruga ni siku moja mtu alipita anarekodi foleni yao na simu, anasema "oneni mateja hawa". Bro akakaa ndani siku tatu, mama yake mzazi ndio alimtoa.

Sasa huyo ni konda, nje ya mtaa wetu hamna anayemjua. Yule staa ataanzaje kusimama kwenye ile foleni? Simu hamsini zitatoka mfukoni kabla hajafika dirishani! Afadhali abaki kijiweni, kule angalau wenzake hawamshangai.

Ndio maana naona serikali ikiishia kuwaita mastaa wavae tisheti za kampeni haitoshi (wengine tunajua wanavua tisheti wanaenda wapi, tuache hiyo). Madirisha yafunguliwe na jioni, watu wa kazi wapate nafasi. Waliotulia na dawa wapewe dozi za kubeba nyumbani, wengi zaidi, wasikae foleni kila siku. Na kurekodi wagonjwa pale nje kuwe na adhabu inayojulikana. Najua hiyo ya mwisho inanigusa na mimi mwenye blogu, sawa tu.

Juzi nilimuonyesha bro ile video, nilikuwa bado ninayo kwenye simu. Hakucheka. Aliitazama mara moja akasema, "Huyo ana arosto. Mleteni asubuhi, nitasimama naye foleni, avae kofia."

Kama kuna anayemjua ndugu yake wa karibu, njoo inboksi. Stori siandiki.