Atakaye Vita Vifupi Amkumbuke Nduli

Wako wataalamu wa mambo ya kijeshi wanaofundisha kwamba nchi yaweza kumvamia jirani yake kwa ghafla, ikanyakua kipande cha ardhi, kisha ikasimama kabla jirani hajakusanya majeshi yake. Fikra hiyo ilipata nguvu nchini India, ambako baada ya Bunge kushambuliwa Desemba 2001 majeshi yalichukua wiki kadhaa kujipanga mpakani mwa Pakistani. Kwa walimu na watumishi wa umma wa Wilaya za Mbulu na Hanang hilo lisiwe jambo geni. Taifa hili lililiona mwaka 1978.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule nduli Iddi Amin alivamia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi iliyo kaskazini ya mto ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likabomolewa. Nduli alidhani vita vimekwisha. Kumbe mvamizi huchagua siku ya kuanza tu; siku ya kumaliza hana hiari nayo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka.

Hata hivyo, ushindi ule haukupatikana kwa siku mbili. Askari na zana vilisafirishwa zaidi ya kilometa elfu moja kutoka pwani. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa, na mgambo wakaitwa kutoka mikoani. Lori lililobeba risasi halikubeba mbolea wala mazao. Gharama ya vita hivyo hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na uchumi uliugua kwa miaka mingi.

Hapo ndipo Mbulu na Hanang zinapohusika. Wilaya hizi haziko mpakani, lakini askari hawali maazimio. Hula mahindi, na hula ngano kama ile ya Basotu. Vita vinavyoitwa vifupi hutegemea maandalizi marefu: barabara inayopitika wakati wa masika, ghala lenye akiba, lori zima, na mwananchi anayeelewa kwa nini anaitwa.

Hivyo hapana budi walimu wawafundishe vijana mambo mawili kwa pamoja: haki ya Taifa kujilinda, na bei ya kujilinda. Nao watumishi wa umma watambue kwamba ghala tupu na barabara iliyokatika ni udhaifu wa ulinzi, hata kama mpaka uko mbali.